Kushoto Rasta, Kulia Mistari

Kila nikichovya ncha za rasta za binti yangu kwenye maji moto, mvuke wake wenye harufu ya nailoni hunirudisha juu ya kreti la soda, kando ya barabara katika mtaa wa Hillbrow.

Tulikuwa wageni kutoka Kongo. Mama alijua kusuka lakini hakujua lugha ya wateja, basi alinisuka mimi niwe bango lake: kushoto rasta nyembamba, kulia mistari iliyolala kichwani. Anayetaka angenyoosha kidole tu.

"Usitingishe kichwa, mama," aliniambia. "Leo kichwa yako ndiyo duka yetu."

Watu walitupita asubuhi nzima. Mwishowe dada mmoja mwenye sare ya mlinzi alisimama, akanizunguka, akacheka, akaniambia kitu kwa Kizulu, lugha niliyokuwa nimeiokota shuleni.

"Anataka kushoto ao kulia?" mama aliuliza.

"Anataka kama mimi hivihivi, pande zote mbili. Anafikiri ndiyo mtindo."

Mama alinitazama, akamtazama yule dada.

"Eish! Umwambie akae!"

Jumapili, tukienda kanisani, mama alinifinya mkono. Ng'ambo ya barabara, akisubiri roboti, taa ya barabarani, iwake kijani, alisimama msichana tusiyemjua kabisa: kushoto rasta, kulia mistari.