Sehemu ya Mukubwa

Municheke, lakini polepole. Déogratias, mume wa binti yangu Nsimire, alialika wateja mu duka yake ya Nyawera waonje divai nyekundu ya Espagne, kule Ulaya, ya bei ya chini, na kuipatia pointi juu ya kumi, sur dix. Wasipoipenda, hataileta tena. Nilitaka sana mukwe wangu afaulu.

Nilifika wamekwisha kuanza. Kila mutu alionja kidogo, akamwaga yenye kubakia mu jagi kubwa katikati ya meza. Nikafurahi. Kwetu kule Walungu, watu wakikunywa kasigisi, pombe yetu ya ndizi, wanawekea mukubwa sehemu yake, na mukubwa pale nilikuwa mimi. Nikavuta jagi, nikajaza kikombe, nikakunywa, nikajaza tena.

"Dix sur dix!" nikapaza sauti. "Mukwe, leta kamioni muzima!"

Watu wakageuka kuangalia kikombe yangu. Papa Bahati, muuza simenti, alikuwa bado anasukutua divai mu kinywa. Akainama, akaitema yote mu jagi yangu.

"Bahati! Unatemea kinywaji ya wakubwa?"

"Maman Cibalonza, jagi iko ya kutemea, mutu aonje bila kulewa. Mbele ufike, sisi wote tulitemea humo."

Kikombe ilikuwa ingali kwenye midomo yangu. Mukwe wangu aligeukia ukuta, mabega yakimutetemeka kwa kicheko.