Miguu ya Baba

Juzi muuguzi alinipa vidonge vya vitamini B, nikaikumbuka alasiri ile ya utotoni baba aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Miguu yake ilikuwa imevimba, nami nikafurahi nikidhani amenenepa kwa utajiri.

"Kumbe huko mnashiba, baba," nilimwambia.

Alicheka, kisha akashindwa kuinuka kwenye kigoda. Miezi yote aliyokuwa machimboni, yeye na wenzake walikuwa wakila wali mweupe mtupu. Mama hakujua habari za vitamini B iliyomo kwenye pumba za nafaka. Alisema tu, "Aliyevimba hivi hapewi nafaka iliyokobolewa," akamsagia mtama na pumba zake, akachemsha choroko, nyumba nzima ikanukia. Nililia, nikidhani anamwadhibu kwa chakula cha kuku.

Baba alikula kila siku bila kunung'unika. Wakati wa mavuno alinibeba mabegani hadi shambani.