Mafua Yaliyonifungia Ndani

Juzi nilipita Kitengela, rafiki yangu, nikakuta ile safu ya vyumba vya mabati tuliyopanga zamani imebomolewa. Nikasimama pale kwenye kifusi, na ghafla nikahisi uzito nyuma ya macho, kama nina miaka kumi tena.

Tulikuwa tumetoka magharibi mwa nchi kwa ajili ya kazi ya Baba. Ng'ambo ya barabara watu walichonga mawe, na vumbi lake likatua kwenye sufuria na kwenye kope. Mwaka huo nilishikwa na mafua yasiyoisha na maumivu ya kichwa. Mama akaamua ni malaria, na mgonjwa wa malaria hapigwi na upepo. Akafunga dirisha, akaziba nyufa za mlango kwa matambara. Asubuhi tembe chungu. Jioni nilifunikwa blanketi juu ya beseni la majani ya mkaratusi, pua imeziba, nikimeza mvuke kwa mdomo. Nje wenzangu waliruka kamba. Sikunusa hata omena, wale dagaa wa ziwani, ikikaangwa. "Ukivumilia, ugonjwa utachoka," Mama alisema. Niliyechoka ni mimi.

Kisha nikawasikia Mama na Baba wakipanga nihamishiwe kwa nyanya, nikakae huko kabisa. Nililia kimya, maana kulia kuliniumiza uso.

Jirani yetu, mama Msomali aliyekuwa na duka la nguo, aliingia siku moja, akanitazama. "Dada, huyu anazimia humu ndani. Mpeleke Kajiado, kuna daktari mzuri wa watoto."

Huko Kajiado, Mama alianza, "Daktari, ako na malaria."

Daktari alichuchumaa mbele yangu. "Nionyeshe kwa kidole. Wapi panauma?"

Nikagusa mashavu, kisha meno ya juu. Akabonyeza chini ya macho kwa vidole gumba, nikaruka. "Sasa inama kama unatafuta kiatu chini ya kitanda." Nikainama, na kichwa kikataka kupasuka. Akamulika puani kwa tochi.

"Mafua yalianza lini?"

"Kabla shule zifunguliwe," Mama akasema. "Yakapoa, halafu yakarudi na nguvu. Makamasi imekuwa kijani."

"Hii si malaria, mama. Ni sainasi. Vishimo vya hewa ndani ya mifupa ya uso vimejaa usaha."

"Hutampiga picha?"

"Hayo mmeniambia na haya nimeona yanatosha. Mpe dawa hii mpaka iishe. Na umfungulie dirisha."

Tulipofika nyumbani, Mama aling'oa matambara mlangoni, akafungua dirisha. Kwa nyanya sikupelekwa.

Leo jirani yule ameshahamia Namanga, na wachonga mawe wamesogezwa mbali kupisha magorofa mapya. Nimetibiwa mara nyingi tangu wakati huo, kwa mashine za kila aina. Ninachokosa ni mtu mzima aliyechuchumaa mpaka macho yake yakalingana na yangu, akaniuliza panapouma, kisha akangoja nijibu mwenyewe.