Mafuta Niliyosema ni Yake

Kwa miaka mingi nimenunua mawese kwenye mashini za kukamulia za Kizuka na kuyapeleka kwa wateja wangu wa Bujumbura, na muda wote huo kipimo changu kimekuwa vidole viwili. Ninachovya, ninasugua, ninanusa. Mawese yaliyoongezwa maji huteleza na kupotea upesi. Yaliyo mazuri hung'ang'ania ngozi, na usiponawa kwa sabuni unakwenda nayo mpaka nyumbani. Watu wa mji wetu wa Rumonge wanajua kwamba sidanganyiki kwenye mafuta. Nilipenda sana kuwasikia wakisema hivyo.

Nilianza biashara hiyo baada ya kurudi. Nilikulia kambini Tanzania, nikasoma huko, nikaolewa huko, na tuliporudi Burundi mume wangu akapata kazi ya ualimu, mimi nikaanza na madumu mawili juu ya baiskeli ya kukodi. Kwa hiyo siku niliyonunua gari nilijiona nimefika. Lilikuwa gari la Kijapani la zamani, refu nyuma, la petroli, lenye turbo, na lilikuwa limeshatembea zaidi ya kilomita laki mbili mikononi mwa wengine. Aliyeniuzia aliniambia kwamba turbo ni ya kuliongezea gari nguvu kwenye mlima. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza.

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Waislamu, mzee ambaye babu yake alitoka Kongo zamani za wakoloni. Gereji yake ilikuwa uwanja wa mchanga na mabati machache juu ya nguzo, lakini hata madereva wa Bujumbura walikuwa wakisimama kwake. Alifungua boneti, akasikiliza injini kwa muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa, kisha akanieleza taratibu, kama muuguzi anayemweleza mgonjwa dawa zake. Turbo, alisema, ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Inazunguka kwa kasi na kupata moto mkali, na kinachoilinda ni mafuta tu. Mafuta yasiyofaa huungua humo ndani yakawa tope, na tope huziba vijia vyembamba ambamo mafuta hupita. Gari lililotembea sana liko hatarini zaidi, kwa sababu uchafu wa miaka ya nyuma umo tayari. Kwa hiyo nitumie mafuta ya sintetiki, yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, 5W-30, nayo niyabadilishe pamoja na filta kila kilomita elfu tano. Na nikifika safari nisizime mara moja. Niiache injini ingurume dakika moja au mbili mpaka turbo ipoe.

Akamimina mafuta mapya mbele yangu. Tone lilibaki kwenye mdomo wa galoni, nami nikaligusa bila kufikiri, nikalisugua. Liliteleza kama maji.

"Hii iko nyepesi sana, muzee," nilimwambia.

"Ndiyo inatakiwa," akanijibu. "Asubuhi moteri iko baridi, mafuta nzito inachelewa kufika kwenye turbo. Hii inafika mbio."

Nikamwambia murakoze, asante, nikaondoka. Lakini nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ameyachanganya na kitu. Ningewezaje kufikiri vinginevyo? Maisha yangu yote ya biashara, mafuta mepesi yalikuwa mafuta ya mwizi.

Kesho yake nilikwenda kwa muuzaji mmoja pembeni ya soko, aliyekuwa na pipa la mafuta ya malori. Nilichovya kidole. Yalikuwa mazito, yenye rangi ya asali, yanashuka polepole. Muuzaji akanisifu kwamba mwanamke anayejua mafuta haambiwi. Mafuta ya mzee yakamwagwa siku hiyohiyo, yakiwa bado yanang'aa, na yale mazito yakatiwa. Sikumwambia mzee. Sikumwambia hata mume wangu, ambaye angeniuliza nimeijua injini lini.

Nilikwenda hivyo kwa zaidi ya mwaka. Kwa kuwa mafuta yalikuwa mazito niliona yatadumu, sikuyabadilisha hata kilomita elfu kumi zilipopita. Petroli ilipoadimika, gari lilikaa kwenye foleni siku nzima. Ninaliwasha, ninasogea hatua chache, ninalizima kabla halijapata moto. Siku nyingine nilishuka mbio kutoka Kizuka na mzigo, nikafika nyumbani nikazima papo hapo, kwa sababu jiko lilikuwa likinisubiri. Kila jambo alilonikataza mzee nililifanya.

Kisha gari likaanza kutoa moshi wa bluu asubuhi, na mluzi mwembamba nikikanyaga mafuta. Rumonge hapakuwa na mwingine anayeijua turbo, ikabidi nirudi kwa mzee.

Siku hiyo gereji ilikuwa na watu: madereva wawili, mama anayeuza vitenge, na mkuu wa shule anayofundisha mume wangu. Mzee alinisalimu kwa furaha, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka tena na kukitoa. Mafuta yalikuwa meusi, yameganda kwenye ncha. Akanusa. Watu walikuwa wakiangalia, maana hapakuwa na kingine cha kuangalia.

"Mama, hii mafuta ni ile yangu?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani na kila mara naona jinsi ilivyokuwa rahisi. Lakini mama wa vitenge alikuwa mteja wangu wa mawese, na mkuu wa shule vilevile. Kusema hapana kungekuwa kusema kwamba mimi, mwenye vidole visivyokosea, nilimwaga mafuta mazuri nikatia mabaya.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yale uliyoniwekea. Tangu siku ile nilikuambia ni mepesi."

Mzee akanitazama kidogo. Kisha akakifuta kijiti, akakirudisha mahali pake, akafunga boneti polepole. Akasema kwa sauti ya chini kwamba injini inahitaji kufunguliwa, nimletee wiki inayofuata, na kwa sasa nisiende nalo mbali. Nilipokuwa nikirudi nyuma na gari nilimwona mama wa vitenge akimnong'oneza dereva mmoja, nami nilijua wanasema nini.

Sikumpelekea wiki iliyofuata. Huko Kizuka wanawake wa kwenye mashini wakaniuliza kama ni kweli mzee yule anachanganya mafuta. Nikajibu kwamba mimi nasema tu nilichoshika kwa mkono wangu. Jibu hilo nililitengeneza vizuri, lisiwe uongo mtupu wala lisiwe kweli.

Baada ya mwezi hivi nilikuwa nakwenda Bujumbura na mzigo, asubuhi. Kabla ya kufika Magara taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Niliiona. Mteja alikuwa ananisubiri, nikasema moyoni nitaangalia nikifika. Mluzi ukawa mkali, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, na nilipofika karibu na ufuko wa ziwa ikazimika. Wanawake walikuwa wakitandaza ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani, wakaja kunisaidia kulisukuma gari pembeni. Nikampigia mume wangu. Yeye, kwa kuwa sikuwahi kumweleza lolote, akampigia fundi pekee wa Rumonge anayeijua turbo.

Mzee alikuja kwa pikipiki ya kukodi, begi la spana mgongoni. Nilipomwona anashuka nilitamani awe mtu mwingine yeyote. Alisalimia, amahoro, kama kawaida. Akafungua kifuniko cha mafuta juu ya injini, akaingiza kidole, akatoa kitu cheusi kizito kama lami iliyopata jua. Akakipaka kwenye karatasi akanionyesha. Wale wanawake walikuwa wamesharudi kwenye samaki wao. Tulikuwa wawili tu.

"Siyo mafuta yako, muzee," nikasema. "Yako niliyamwaga kesho yake."

"Najua. Siku ile nilinusa. Hiyo ni mafuta ya lori."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

Alikuwa akifuta kidole chake, akaendelea kukifuta. "Ulisema ndiyo mbele ya watu. Mimi ningesema hapana, wangemwamini nani? Rumonge yote inajua wewe uko mutu wa mafuta."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Nilimwomba msamaha pale kando ya barabara, na akasema sawa, sawa mama, tutafute gari la kutuvuta.

Yaliyofuata gerejini nayaona mabaya kuliko ile ndiyo ya kwanza. Aliposhusha karai la chini ya injini, chujio linalovuta mafuta lilikuwa limezibwa na tope kiasi kwamba lilionekana kama sahani. Turbo ilikuwa imekwama, mhimili wake umeungua ukawa wa bluu. Dereva mmoja, yuleyule aliyekuwepo siku ile, akainama akaangalia akasema, "Kumbe ndivyo mafuta ya muzee inavyofanya." Mzee alikuwa chini ya gari. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa dereva huyo, nimekwisha kuomba msamaha, nimekwisha kukiri, na sikufungua mdomo. Mzee aliendelea kulegeza bolti zake. Alisikia kila neno.

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu alipouliza gari lina nini, nikamweleza yote tangu tone lile la kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mkuu wake alikuwa ameshawaonya walimu wote wasipeleke pikipiki zao kwa mzee. Yeye mwenyewe alikuwa amenyamaza akidhani ninajua ninachosema. Akachukua madaftari yake akaenda kusahihisha nje.

Nilichukua siku nne kupata nguvu. Siku ya tano nikaenda kwanza kwa mkuu wa shule ofisini kwake, kisha kwa mama wa vitenge, kisha Kizuka kwa wanawake wa mashini, nikawaambia wote kwamba nilisema uongo, mafuta ya mzee yalikuwa safi, na mimi ndiye niliyeyamwaga kwa kutojua. Mkuu wa shule alinishukuru kwa adabu na kuangalia saa. Mama wa vitenge alicheka, akaniambia nisijali, watu husahau. Mmoja wa wanawake wa Kizuka, aliyekuwa akipepeta ngazi, matunda ya mchikichi, ndiye peke yake aliyenijibu kwa uzito. Alisema kaka yake ana lori dogo, alikuwa akilipeleka kwa mzee, na sasa analipeleka kwingine na ameshamzoea fundi huyo mwingine. Akarudi kwenye ungo wake. Yule dereva sikumpata. Waliniambia amehamia barabara ya Gitega.

Mzee alilitengeneza gari. Alisafisha injini, akaipitishia mafuta mepesi mara mbili na kuyamwaga, akapata turbo iliyotumika kutoka Bujumbura. Sasa nanunua mafuta kwake, nabadilisha kila elfu tano, na nikifika nyumbani ninakaa ndani ya gari nikiisikiliza injini ikinguruma mpaka dakika mbili ziishe. Gereji yake haina watu kama zamani. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu yangu tu, maana petroli imeadimika na magari mengi yamelala. Lakini siwezi kuapa kwamba sivyo.

Juzi mwalimu mmoja mgeni alimwuliza mume wangu fundi wa gari la turbo. Nikajitolea kumpeleka mwenyewe. Tulipofika nilianza kumweleza mwalimu, mbele ya mzee, kwamba fundi huyu ni mwaminifu na kwamba mimi niliwahi kumzulia jambo. Nilikuwa nimefika katikati ya maneno, macho yameanza kunilowa, mzee aliponigusa mkono kidogo.

"Basi, mama," akasema. "Mwache aseme gari yake inaumwa nini."

Mwalimu akaanza kueleza kuhusu moshi. Nikasogea pembeni nikangoja karibu na ukuta.