Mate Juu ya Fundo

Limi alikuwa fundi. Neno hilo tulitangulize kabisa, kwa sababu watu wa Geita walilikwepa kana kwamba linauma. Kibarazani kwake Kalangalala alitengeneza vyambo vya kukokota, vile ambavyo mvuvi wa sangara huvifunga nyuma ya boti na kuvivuta taratibu ziwani, samaki mkubwa akadhani ni kidagaa kinakimbiza roho yake. Alikata mipini ya vijiko vya chai, akagonga vilivyobaki kwa nyundo ndogo mpaka viyumbe majini kama furu, samaki mdogo wa ziwani, aliyejeruhiwa. Alifunga manyoya ya mbuzi na singa za mkia wa ng'ombe juu ya ndoano. Mbele ya vyote alitanguliza bati refu la kumetameta, ambalo wavuvi waliliita kioo, lizunguke na kumwita sangara kutoka mbali. Uzi kati ya kioo na manyoya ndio uliokuwa kazi yenyewe. Ukiwa mfupi, manyoya yanarukaruka ovyo. Ukiwa mrefu, yanalala tu. Limi aliupima kwa mkono wake, na alikuwa amekosea sana kabla ya kukipata kipimo hicho.

Sasa, fundo la nailoni likikazwa likiwa kavu huungua, na samaki akivuta linakatika. Kwa hiyo Limi alishika ncha ya uzi kwa meno, asiweze kusema na mtu, kisha akatia mate juu ya fundo na kulikaza. Basi, hakuna zaidi. Lakini Usukumani mzee akikubariki hukutemea mate, na mganga akifunga hirizi hafungui kinywa. Ungetegemea watu wazima wenye akili zao watofautishe baraka na uzi wa nailoni. Ungetegemea bure.

Aliyeanzisha balaa ni Ndaki, mume wa mdogo wake, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Rwamgasa. Alikuja kusalimia, akamwona shemeji yake akifunga, akanyakua kishada kimoja cha manyoya bila kuomba na kwenda kukining'iniza kwenye mdomo wa duara lao, shimo wanalochimbia. Wiki hiyo hiyo wakakuta mawe mazuri yenye dhahabu. Basi ikawa wimbo.

"Mwangaluka, shemeji," alisalimu kwa Kisukuma aliporudi, safari hii akiwa na wenzake nyuma. "Tunaomba vingine. Kama kinamvuta sangara asiyeonekana chini ya maji, dhahabu nayo si iko chini, nayo si haionekani?"

"Ndaki, yale ni manyoya ya mbuzi wa Mama Chacha. Nyama yake umeila mwenyewe Krismasi."

"Mganga hasemi dawa yake," Ndaki alijibu kwa heshima zote, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Limi alipandwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na woga ndani yake. Alikuwa mjane anayeishi peke yake. Alijua kwamba mwanamke anayeitwa mganga duara likitema dhahabu huitwa mchawi duara likiporomoka. Jirani yake wa zamani aliitwa mchawi na kufukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya macho mekundu, macho aliyoyapata kwa moshi wa kuni. Limi hakutaka kuheshimiwa kwa namna ile. Alitaka aitwe fundi, aachwe na nyundo yake.

Alikwenda dukani kwa Urvi, aliyeuza kamba, misumari na zana za uvuvi, ambako vyambo vyake vilitundikwa.

"Mama Mageni, vyako wachimbaji wanakaribia kuvimaliza," Urvi alimwambia Limi, akimwita kwa jina la mwanawe. "Sasa wanataka visivyo na ndoano. Na wanauliza kama ni vile vya mate."

"Umewajibuje, dada?"

"Nimesema ni vya Mama Mageni. Mteja akitaka kuamini jambo lake, mimi nimzuie kwa nini?"

"Kwa sababu siku shimo likiwafukia hawatakuja dukani kwako. Watakuja kwangu."

Urvi alivishusha vilivyobaki, akaviweka kwenye boksi chini ya meza, awauzie wavuvi tu. Kwa hilo apewe haki yake.

Ndaki na wenzake walipokuja tena, Limi aliwaketisha barazani na kuweka kikombe cha maji katikati. Ncha ya uzi akaibana kwa plaizi badala ya meno. Akafunga huku anaongea mwanzo hadi mwisho, bei ya vitunguu, mvua iliyochelewa, chochote. Fundo akalichovya majini, akakaza. "Haya, chukueni."

Wale watu wakakitazama kile chambo kama ugali usio na mboga. "Hiki hakijatiwa kitu," mmoja alisema, wakaondoka. Mjini ikavuma kwamba dawa ya Limi imekwisha nguvu. Limi alifurahi. Toka hapo alifunga kwa maji, na siku zikaanza kufanana tena.

Lakini ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Akaja Boaz. Huyu alikuwa mwenye boti kule Nungwe, rafiki wa marehemu mume wake, na kila Limi alipoitwa mganga alikuwa akijibu, "Muulizeni Boaz." Ndiye shahidi wake kwamba ule ni ufundi tu. Boaz alivigeuzageuza vyambo, akakohoa.

"Mama Mageni, vile vya mate huna?"

Machozi ya hasira yalimlenga Limi. "Boaz, wewe umefunga mafundo tangu utoto. Na unatia mate."

"Natia. Ila yangu ni mate tu."

Limi alimsukumia kigoda, akampa kioo na manyoya, akamkatia uzi kwa kipimo chake mwenyewe. "Funga." Boaz akafunga. "Tema." Akatema. Limi alivuta kwa nguvu zake zote, fundo likakaa imara. "Kavulie hicho, kisha uje uniambie."

Boaz alirudi keshokutwa yake na sangara mkubwa nyuma ya pikipiki, mkia unaburuzika, uso wake unang'aa kwa furaha. Limi alisimama kumpokea. Alilingoja neno moja tu, fundi, na kwa neno hilo angewasamehe wote, hata Ndaki.

"Mama Mageni," Boaz alisema, "kumbe na mimi ninayo."

"Unayo nini?"

"Dawa. Ilikuwa mdomoni mwangu miaka yote, sikujua."

Limi alimtazama yule bwana, akautazama ule uzi aliokuwa ameukata yeye kwa kipimo chake, bado umening'inia mdomoni mwa samaki. "Basi nenda Rwamgasa," alimwambia kwa uchungu, makusudi amwaibishe. "Wachimbaji wanamtafuta mtu kama wewe."

Boaz akatoa simu mfukoni, akamwomba namba ya Ndaki.