Maharagi Nyekundu pa Lungo

Nilichoka na biolojia mbele ata ya kumaliza mwaka ya kwanza. Batu banazania kusoma microbe ni kuangalia microbe. Wapi! Pa Butembo kusoma microbe ni kungojea. Unangojea courant irudi, juu umeme ikikatika microbe zenye ulipanda zinakufa baridi. Unangojea zamu yako ku microscope, moja tu kwa promotion muzima ya chuo, na ukifika benzako banakusukuma: "Harakisha, weye! Unaona ao hauone?" Nilisema naona. Mara mingi niliona kope zangu tu.

Lakini ile cours ya genetique ya mutu, namna damu ya bazazi inapita kwa batoto, njo ilinimaliza. Profesa alitoka mbali, akatupatia cours muzima mu juma moja, asubui mpaka mangaribi, na vidole vikavimba juu ya kuandika. Akatuambia kila mutu achore jamaa yake: mwanaume carré ya pembe ine, mwanamuke rond ya muviringo, mwenye alikufa unamupitishia mustari.

Sasa, kwetu Banande jina njo inasema ulizaliwa wa ngapi. Yangu ni ya mutoto wa ine. Na pa nyumba miye njo mukubwa. Nyuma yangu kuko mudogo wangu mwanaume tu, ule wa mifupa ya kuuma. Kila mutu wa kwetu akisikia jina yangu, na asione bakubwa zangu, anajua kama batatu bashakufa, na hakuna mwenye kuuliza. Miye pia sikuulizaka. Juu yabo mama alifukuzwa Masereka, kijiji ya baba: bashangazi balisema yeye njo alibakula, kwa bulozi. Baba alinyamaza, maneno ikaishia pale. Siye na mama tukashuka Beni, pa quartier ya Bungulu, mama akaanza kuuzisha maharagi. Banasema uchungu wa mutoto, muzazi njo anaijua. Ee, bashangazi zangu baliijua kupita muzazi!

Na miye nilikuwa na kasirani yangu kwa mama. Kila mara mifupa ikimuuma mudogo wangu, mama anatoka inje. Miye njo namukanda na maji ya moto, miye njo namushika akilia. Niliona mama hana roho.

Ku hospitali balishaka kutuambia jina ya ule ugonjwa: drépanocytose, ugonjwa ya damu. Mama alisema ni bulozi tu, balikuya kuipatia jina ya kizungu. Na sasa profesa akachora ku tableau: mutoto anagonjwa kama baba amemupatia nusu, na mama amemupatia nusu. Nusu moja peke yake haimugonjeshe. E Nyamuhanga, Mungu wetu! Miaka yote ile, na jibu ilikuwa mu syllabus, kitabu ya cours, ya photocopie mubaya, ya kusoma na shida.

Cours ikaisha, nikapanda gari ya Beni. Ile barabara unaienda siku banakuambia leo inapitika. Nilifika na mavumbi mu meno, sina nguvu ata ya kusalimia majirani.

Mama alikuwa nachagua maharagi pa lungo ya kupepetea, mbele ya mulango. Nikaikala chini. Nikatia mbili mbele yake, nyekundu na nyeupe: "Hizi ni za damu yako." Nikatia zingine mbili: "Hizi ni za baba. Yeye pia, nyekundu na nyeupe. Mutoto anaokota moja kwako, moja kwake. Akiokota nyekundu mbili, anagonjwa."

Mama akaangalia lungo.

"Mama, bale batatu, mikono yabo ilikuwa navimba, sawa ya mudogo wangu?"

"Na miguu," akasema. "Wa kwanza alikuwa mwanaume. Alikuwa mweupe wa sura, sawa weye." Sikumusikiaka hata siku moja kubasema.

"Na baba yako pia?" akauliza.

"Nusu yake, mama, nusu yako. Hakuna mwenye anachagua."

"Basi, hapana miye nilibakula."

"Hapana, mama."

"Urudilie tena."

Nikarudilia, maharagi kwa maharagi. Nilikuwa nazania mama anachukia tu ile uongo ya bashangazi, ya kusema yeye njo mulozi. Kumbe alikuwa naiamini! Miaka yote anatupikia, ananilipia masomo, na ndani anajiogopa yeye mwenyewe, njo maana alikuwa natoka inje. Nikasikia haya, na uchovu ya mwaka yote ikaniangukia pale chini.

Mu nyumba mudogo wangu akaanza kulia, miguu ilikuwa namushika tena. Nikataka kusimama, juu ile ni kazi yangu. Mama akatia lungo chini, akanikamata bega.

"Ikala, binti yangu. Umechoka. Leo miye njo nitamushika."