Barua ya Kipindi cha Dini

Wino wa muhuri una harufu yake, kali kidogo, kama dawa iliyosahaulika kabatini. Juzi niliisikia katika ofisi ya kata, nilikokwenda kugongewa muhuri barua ya shule ya mjukuu wangu. Foleni ilikuwa ndefu, miguu inaniuma, na mbele yangu mzee mmoja alikuwa akipakwa wino kwenye dole gumba. Nikamkumbuka baba, na uchovu ukanizidi.

Niliingia darasa la tano Kishapu mwanzoni mwa miaka ya sabini, shule ikiwa imetoka mikononi mwa misheni na kuwa ya Serikali. Juu ya ubao palibaki alama nyeupe ya msalaba ulioondolewa. Siku ya kuniandikisha baba aliitazama sana alama ile, kisha akamwambia mwalimu mkuu, "Sasa shule ni ya wote. Huyu wangu hana dini ya kitabu. Andika hivyo hivyo." Sheria mpya ilimpa haki hiyo: mtoto asifundishwe dini mzazi asipotaka. Kwetu tulitambikia mababu, na baba hakuona cha kuongeza.

Haki ile, wenzangu, mimi niliibeba kichwani kwa ndoo. Kila Ijumaa kipindi cha dini kilipofika, Wakatoliki walibaki darasani na katekista wao, Waprotestanti wakahamia darasa la pili, na Waislamu watatu wakakaa barazani na fundi cherehani aliyejitolea kuwafundisha. Sisi tusio na dini tulikuwa wanne. Mwalimu wa zamu hakujua atufanye nini, kwa hiyo alitutuma maji mtoni. Na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Unafukua, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kibuyu. Tukirudi tunawakuta wenzetu wanaimba darasani, kivulini. Nilichoka. Sikuwa na shida na Mungu wa mtu yeyote, nilitaka kukaa tu.

Mwalimu mkuu alisema kuhama kundi kunahitaji barua ya mzazi. Nikaiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: kwamba baba anaruhusu nifundishwe dini ya Kikatoliki. Nikaazima wino kwa karani wa pamba, nikamfuata baba zizini jioni ng'ombe wakiingia.

"Barua ya nini, ng'wanawane?" aliniuliza, maana kwa Kisukuma ndivyo alivyoniita, mwanangu.

"Ya kuomba nisichote maji, baba. Kifua kinanibana."

Aliishika ile karatasi muda mrefu, macho yakienda huku na huku, nami nikacheka moyoni: mzee naye anajifanya anasoma! Sikuwahi kumwona ameshika kalamu. Kisha akabonyeza dole gumba, akalifuta kwenye paja, akaenda kunichimbia mizizi ya kifua. Nilikunywa ule uchungu asubuhi na jioni wiki nzima, yeye amesimama pale pale mpaka niumalize.

Basi nikakaa kivulini. Nilijua sala zote, nikaimba, na ubatizo sikuufikia. Baba hakuniuliza hata siku moja tunafundishwa nini Ijumaa.

Miaka mingi baadaye, kwenye matanga yake, nilimsimulia shangazi, dada yake baba, kisa kile nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Kabula, nani kakwambia kaka hajui kusoma? Alisoma hapo hapo penu mpaka darasa la nne. Walimu walikuwa wanawaonyesha wenzake mwandiko wake. Wamisheni wakasema asiyebatizwa haendi la tano, babu yako akakataa, basi. Tangu siku hiyo kalamu hakuigusa tena."

Nililia, na safari ile nililia kwa aibu kuliko kwa msiba. Ruhusa ya kusema hapana kwa dini na mtoto bado akasoma, baba aliingoja tangu akiwa mdogo kama mimi. Serikali ikampa, na mwanawe mwenyewe akaja kumwomba airudishe kwa sababu ya ndoo ya maji, tena kwa uongo.

Aliisoma barua yangu neno kwa neno. Akaweka dole, akaenda kuchimba mizizi.